Nobu Inatembea, Sauti Imebaki

Vijana wangu mnaokutana kila mwezi pale Liverpool, hii yetu ya Sydney, kuzungumza habari za programu, mmeniganda kama kupe: Bi Mwanaidi andika, Bi Mwanaidi umestaafu, una muda. Nani kawaambia mstaafu ana muda? Nina wajukuu wawili, nina goti bovu, na nina bustani ya mchicha ambayo konokono wa Sydney wameigeuza hoteli. Lakini haya, naandika. Na kwa kuwa mmoja wenu alisema Kiingereza mnacho cha kutosha, naandika kwa lugha niliyolelewa nayo Tanga, na mtanivumilia nikizunguka.

Vyeo sitavitaja, na mshahara ndio kabisa. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha kazi, na kosa moja nililolifanya. Kusema kweli ni hilo kosa lililonifanya nikubali kushika kalamu. Hayo mengine ni ya kusindikizia.

Nilikuja Sydney nikimfuata mume wangu aliyekuwa masomoni, nikiwa na cheti cha ufundi wa redio na koti moja lisiloweza baridi ya huku. Cheti hakikumshtua mtu. Mwaka wa kwanza nilipanga maboksi kwenye ghala karibu na Port Botany, na jioni mgongo ulikuwa unaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Siku moja nikaona kwenye dirisha la karakana ya kutengeneza miksa za kuchanganyia sauti na vipaza sauti kikaratasi kimeandikwa kwamba anatafutwa fundi. Nikaingia na sare yangu ya ghalani.

Mwenye karakana alikuwa mzee mmoja mwembamba, Doug, mtu wa kaptula kiangazi na masika. Cheti hakukiangalia. Alinisogezea miksa mbovu na bisibisi, akanionyesha birika la chai lilipo, akaenda zake. Alasiri miksa ikaimba. Doug akaja, akaweka sikio, akasema, "Si mbaya." Niliumia moyo, nikadhani nimefukuzwa. Baadaye sana ndipo nikajua kuwa Mwaustralia wa aina ya Doug akikwambia "si mbaya" amekuvisha nishani. Jina Mwanaidi liliwashinda pale, wakaniita Edie, nikaitika. Mtu akikupa kazi na chai, usigombane naye kwa herufi.

Tukakaa miaka na miksa za chuma. Kisha mambo yakageuka, sauti ikahamia kwenye kompyuta, na watu wakaacha kuleta vyuma vyao. Doug akafunga karakana, akaingia kampuni ndogo pale Marrickville iliyokuwa inaandika plagini, na baada ya miezi akanivuta na mimi. Kwa asiyejua, plagini ni programu ndogo unayoipachika ndani ya programu kubwa ya kurekodia au kupigia muziki. Badala ya sanduku la chuma lenye nobu, yaani vile vidude vya kuzungusha, unachorewa nobu kwenye kioo cha kompyuta. Unaizungusha, na sauti inabadilika. Au inatakiwa ibadilike.

Siku yangu ya kwanza nilifika na daftari jipya na hofu ya bibi harusi. Nilikuwa nimesoma kuandika programu usiku na mchana kwa vitabu vya kuazima, nikitegemea nitaulizwa mambo makubwa. Doug alinivika vipokea sauti vyake vilivyofungwa utepe mweusi kila mahali, akasema, "Usiguse kitu. Sikiliza." Akawa anazungusha nobu moja kwenye kioo, saa nzima, anakwenda na kurudi. Mwisho akaniuliza nimesikia nini.

"Kila ukizungusha kuna mkwaruzo," nikasema. "Kama mtu anafunga zipu ya begi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi umeajiriwa kupigana na hiyo zipu."

Nami nilipigana nayo miaka yote iliyofuata. Nawaeleza kidogo, na wanaojua waruke. Sauti ndani ya kompyuta haiji kama maji ya bomba. Inakuja kwa mabunda, na kila bunda lina mamia ya vipande vidogo vya sauti. Plagini inapokea bunda, inalifanyia hesabu, inalirudisha, na lazima imalize kabla bunda la pili halijafika. Ikichelewa hata nukta, spika zinatoa mlio mbaya mbele ya watu. Sasa mtumiaji naye anazungusha nobu yake wakati huo huo, na kila nobu ikisogea kuna hesabu nzito za kupanga upya. Ukizifanya upya kwa kila kipande, sauti inateleza vizuri lakini kompyuta inahema. Ukizifanya mara moja kwa bunda, kompyuta inapumua lakini zipu inasikika. Maisha yangu yote ya kazi yamepita kati ya mambo hayo mawili, na sijajuta.

Doug alikuwa na sheria moja tu aliyoisema kwa ukali: sauti haingojeshwi. Ukitaka kuchora picha, ngoja. Ukitaka kuandika kwenye faili, ngoja. Sauti ipite kwanza. Na kwenye droo ya chini alikuwa na kompyuta ya mkononi, kuukuu, imepasuka pembeni, feni yake inalia kama mbuzi aliyefungwa juani. Mimi niliiita Bibi, na jina likashika ofisi nzima, Waaustralia wakisema "Bibi" kwa lafudhi ya kunichekesha. Hakuna kilichotoka nje ya ofisi ile kabla Bibi hajakiweza. Doug alisema watu wenye kompyuta mpya hawahitaji huruma yetu. Plagini itengenezwe kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta aliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu.

Nilimpenda Doug kwa neno hilo. Nilikuwa nawajua watu hao. Walikuwa watu wangu.

Doug akastaafu, akahamia pwani ya kusini kuvua samaki asiowapata. Mimi nikabaki na Bibi. Tukawa tunaandika plagini mpya ya kusafisha na kufungua sauti za waimbaji, na ilikuwa nzito, Bibi akawa anakwama. Bosi wetu, Greg, alikuwa ameshaandika kwenye tangazo kwamba itakuwa nyepesi kuliko zote. Nikaumiza kichwa siku kadhaa, kisha nikapata dawa, na nilijiona bingwa. Niligundua kwamba nobu nyingi hutikisika kidogo tu bila sababu, mkono unatetemeka, waya unatetemeka, na kila mtikisiko unaamsha hesabu nzito bure. Kwa hiyo nikaandika: badiliko likiwa dogo kuliko kiasi hiki, lipuuze. Mistari sita tu. Bibi akatulia, feni ikanyamaza. Greg akaleta keki ya karoti ofisini.

Tulikuwa na zamu ya kusoma barua za wateja, tukiziita tiketi. Ijumaa ilikuwa yangu. Ijumaa moja ikaja tiketi kwa Kiingereza cha kuokoteza, ambacho nakigeuza hapa kama kilivyokuwa: "Nobu inatembea, sauti imebaki. Halafu inaruka. Mimi ni mzee, labda ni masikio yangu. Tafadhali mniambie kama ni masikio."

Mimi nikafungua plagini, nikashika nobu kwa kipanya, nikaizungusha kushoto, kulia, kushoto. Sauti ikabadilika bila tatizo. Nikajaribu mara ya pili kwa sababu mimi ni mtu makini, hivi ndivyo nilivyojiambia. Kisha nikajibu yale maneno tunayojibu wote, kwamba tumejaribu na kwetu hitilafu haionekani, asante kwa kutuandikia. Nikaifunga tiketi.

Jibu lilirudi kabla sijamaliza chai. "Asante sana. Basi ni masikio yangu."

Nililisoma. Nakumbuka nililisoma, kwa sababu nilikuwa na biskuti mkononi na nikasita kuila. Kisha nikaila.

Ikapita kama miezi miwili. Rafiki yangu Konsolata, Mrundi, tuliyefahamiana tangu zamani za maghala, akanialika harusi ya mpwa wake kwenye kanisa la Wakongo kule Fairfield. Mimi Mwislamu wa Tanga, lakini pilau haina dhehebu, nikavaa dira langu nikaenda. Korali, ndivyo Wakongo wanavyoiita kwaya, ilikuwa nzuri, wallahi, sauti za wale kinamama zilinisimamisha nywele. Ila fundi wa sauti alikuwa anawaharibia. Mara chini, mara juu, kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Nikageuka kumtazama kwa jicho la kazi, na kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake nikaona rangi ninayoijua, ile kahawia tuliyogombania ofisini mwezi mzima. Plagini yangu! Nilijisikia kama mama aliyemkuta mwanawe jukwaani.

Nyuma ya fundi, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee mwenye suti ya kijivu. Kila korali ilipopanda, kidole chake cha shahada kilitambaa juu ya goti lake, taratibu, taratibu, kama kinasukuma kitu. Mtu wa kazi humtambua mwenziwe. Watu walipokwenda kwenye chakula, nikamfuata, nikampa shikamoo. Wakongo hawana mazoea nayo sana, akacheka.

"Jambo, Mama. Karibu, kaa."

Aliitwa Papa Esperansi, kwa jina la binti yake mkubwa. Nikamwambia naona sauti za korali ni nzuri lakini fundi ana haraka.

"Ule anafanya mbio mbio," akasema. "Sauti haipendi mbio. Mi ndo nilikuwa nashika sauti pale. Tangu Uvira, tangu kambini, tulikuwa na spika moja na betri ya gari, mi ndo nilishika. Hapa Australia nimefanya ghalani miaka kumi na moja, hakuna mtu aliniuliza kitu. Lakini Siku ya Mungu, korali yote inaniangalia mimi. Sasa nimeacha."

"Kwa nini, Papa?"

Akagusa sikio. "Imekufa."

Akanieleza. Kwao wimbo wa maombi huanza na sauti moja, chini kabisa, kana kwamba inatoka nyuma ya pazia. Kisha fundi anafungua lile pazia polepole, dakika nne, tano, mpaka korali nzima iko wazi mbele ya watu. Na mwiko mkubwa ni mtu kuugundua mkono wa fundi. "Ukisikia mkono, umeharibu maombi," alisema. Watoto wake walimnunulia kompyuta iliyotumika na kijimeza chenye feda, vile vitelezi unavyosukuma kwa kidole ili nobu ya kwenye kioo izunguke, na yeye akanunua plagini. Tangu hapo mambo yakaharibika. Alikuwa anasukuma na hasikii chochote. Korali wakalalamika kwamba analala, kisha anawashtua kwa ghafla. Nyumbani wakaanza kumpigia kelele wakidhani hasikii. Mwisho akasimama mbele ya kanisa, akawaomba radhi, akakabidhi kiti, na kompyuta yake akawa anaiazimisha siku za ibada.

"Niliandikia hata ile kampani," akasema. "Walijibu kwao haiko shida. Basi nikajua ni masikio."

Vijana wangu, barua hiyo nilikuwa naijua neno kwa neno.

Nikamwomba anionyeshe alivyokuwa anafanya. Alikataa, nikambembeleza kama mtoto. Mwisho akakaa kwenye kile kiti, akapiga rekodi moja ya korali, akaweka kidole kwenye feda. Akasukuma. Sijawahi kuona mkono wa namna ile, na nimekaa na mafundi maisha yangu yote. Ungeapa hausogei. Kwenye kioo nobu ilikuwa inazunguka kidogo kidogo, robo, nusu, robo tatu. Na sauti ikabaki nyuma ya pazia pale pale ilipokuwa.

Akaniangalia. "Wewe unasikia inafunguka?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: hapana, Papa, sisikii, kwa sababu haifunguki. Maneno machache tu, na mzee angelala usingizi usiku ule. Lakini nilikuwa nimeshaelewa ni mistari gani sita, na mwandishi wake ni nani, na nani aliyefunga tiketi. Nikasema, "Kuna kelele humu, Papa. Hata mimi sisikii vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akazima. Sikula pilau.

Jumatatu nilikuwa ofisini kabla ya wote. Kosa nililiona kwa dakika mbili, na lilikuwa la kijinga kiasi cha kutia aibu. Nilisema badiliko dogo lipuuzwe. Sawa. Lakini dogo kulinganisha na nini? Mimi nilikuwa nalinganisha na nobu ilipokuwa nukta iliyopita, si na mahali sauti ilipokuwa mara ya mwisho. Ukizungusha haraka kama nilivyofanya mimi na kipanya changu, hatua ni kubwa, plagini inatii. Ukizungusha kwa mkono kama wa Papa Esperansi, kila hatua ni ndogo, inapuuzwa. Na inayofuata ni ndogo, inapuuzwa. Unaweza kutembea kutoka Fairfield mpaka baharini kwa hatua hizo na plagini itaapa kwamba hujatoka nyumbani. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyeimbishwa haba na haba hujaza kibaba kabla sijaota meno ya mbele, niliandika programu isiyojua kibaba ni nini.

Na kilichoniliza, nalisema wazi, nililia chooni pale Marrickville, ni kwamba mistari ile niliiandika kwa ajili yake. Kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta iliyotumika. Niliionea huruma feni yake, nikamnyang'anya masikio.

Nikampigia simu Doug. Nilisikia mawimbi nyuma yake na ndege wakigombana. Nikamweleza yote, hata ya biskuti.

"Ulipojaribu," akauliza, "ulijaribu kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Basi umetengeneza plagini ya mkono wako," akasema. "Na mimi nilikufundisha hivyo. Wote tunazungusha kama tunafungua kopo."

Kurekebisha ule ulinganisho kulitaka mstari mmoja. Nikaurekebisha, nikavaa vipokea sauti, nikasukuma taratibu. Sauti ikafunguka, lakini kwa ngazi: tik, kimya, tik, kimya. Kila zile hatua ndogo zilipojaa kibaba, sauti iliruka ngazi moja. Papa Esperansi angesikia mkono. Kwa hiyo ilibidi hesabu zifanyike kila vipande vichache, sauti iteleze kuelekea nobu ilipo badala ya kuruka. Nikafanya hivyo. Bibi akalia feni yake yote, akakwama.

Greg hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba tangazo linasema nyepesi kuliko zote, na kwamba mteja aliyelalamika ni mmoja.

"Aliyeandika ni mmoja," nikasema. "Wengine wameamini ni masikio yao."

Akanipa wiki.

Siku ya nne nikapata. Kumbe nilikuwa natafuta bei moja ya kulipwa siku zote, wakati kazi yenyewe si ya siku zote. Nobu ikitulia, na sauti ikishaifikia, hesabu zilale kabisa. Nobu ikitembea, hata kwa mwendo wa konokono wangu wa bustanini, hesabu ziamke na zisilale mpaka sauti ifike. Gharama iwepo pale tu mtu anapofanya kazi yake. Bibi alinguruma kidogo nobu ilipotembea, kisha akanyamaza. Sasa plagini haikuwa nyepesi kuliko zote. Greg akabadilisha neno moja kwenye tangazo, na hakuna mteja aliyegundua.

Ningeweza kumtumia barua. Tiketi ingefunguka, ningeandika kwamba hitilafu imeondolewa, asante kwa kutuandikia. Lakini mficha uchi hazai. Jumamosi nikapanda treni kwenda Fairfield, nimebeba toleo jipya na kilo mbili za machungwa, kwa sababu kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu.

Aliyenifungulia alikuwa Esperansi mwenyewe, na sare yake ya kazi ya kulea wazee. "DAD! KUNA MGENI!" alipiga ukelele mpaka mimi nikaruka. Mzee alikuwa amekaa hatua mbili kutoka mlangoni. Mezani kulikuwa na karatasi ya miadi ya kupimwa masikio.

Niliomba kompyuta, nikaweka toleo jipya, nikamsogezea kijimeza chake cha feda. Alisita. Kisha akapiga ile rekodi, akaweka kidole, akaanza kusukuma kama zamani.

Alifumba macho. Pazia likafunguka. Lilifunguka polepole sana, na mimi nilimwangalia usoni, si kwenye kioo. Ilipofika mwisho, sauti za wale kinamama zilijaa sebule nzima, na mzee aliondoa kidole, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Papa," nikasema, "yale masikio yalikuwa mazima. Ile plagini niliiandika mimi. Kosa ni langu. Na ile barua yako, niliyeijibu ni mimi, niliyeifunga ni mimi. Na siku ya harusi nilisikia kwamba haifunguki, nikakudanganya. Nisamehe."

Mzee akaacha rekodi iishe, akaizima. Esperansi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi.

"Ulijua barua ni ya Mswahili?" mzee akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Na ungejua?"

Nilitaka kusema haingebadilisha kitu. Lakini nilishamdanganya mara moja. "Ningejaribu zaidi," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi, Mama, kuanzia sasa, kila barua useme ni yangu." Akachukua chungwa, akaanza kulimenya. Esperansi akaja, akainama sikioni kwake, akaanza kumwuliza kwa sauti ya kuita gari kama anataka chai.

"Wee!" mzee akaruka. "Sauti! Niko hapa! Miezi yote mnanipigia kelele kama mbuzi ameingia shambani. Sasa muache! Masikio ni mazima!"

Esperansi akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akaichukua ile karatasi ya miadi akaikunja mara nne.

Zamu yangu ya tiketi ilibaki Ijumaa mpaka nilipostaafu. Nilinunua feda kama zake kwa pesa yangu, nikajifunza kusukuma polepole, na hakuna tiketi niliyoifunga tena bila kuijaribu kwa mkono ule. Vijana wa ofisini walinicheka, wakisema Edie amelala tena. Waache wacheke. Bibi nimeondoka naye, yuko kabatini, na anayetaka kumjaribia kazi yake ajue nyumba iko wazi.

Lakini nimalizie ya Papa Esperansi. Jumapili iliyofuata aliniita kanisani, akirudi kwenye kiti chake. Nilikaa safu ya tatu, nimejipanga. Mimi ndiye niliyeandika ile programu, nilijua kila mstari, nilijua kidole kitaanzia wapi. Nikasema leo nitaudaka huo mkono. Mama mmoja akaanza kuimba peke yake, chini, nyuma ya pazia. Nikatega masikio. Nikangoja. Nikaanza kumkumbuka mama yangu Tanga, alivyokuwa akiimba akipepeta mchele, nikamkumbuka na mume wangu, Mungu amrehemu, na lile koti langu la kwanza. Nilipozinduka korali nzima ilikuwa wazi mbele yangu, kanisa lote limesimama, na mtandio wangu umelowa.

Baada ya ibada nilimkuta anakunja nyaya.

"Mama, ulisikia pale nilianza?"

"Sikusikia, Papa. Wallahi sikusikia."

Akakunja waya mpaka mwisho, akaufunga, akanitazama kwa uso mkavu kabisa.

"Basi," akasema, "ni masikio yako."